Neno träge, kwa mdogo wangu anayejiandaa na B2

Mdogo wangu yuko Tanga, anajiandaa na mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya B2, na majuzi amenitumia ujumbe wa sauti: "Dada, hebu nisaidie. Faul ni 'lazy', na träge nayo wameandika 'lazy'. Sasa tofauti iko wapi?" Nilimjibu haraka haraka nikiwa kwenye basi la kwenda zamu. Jibu lile halikutosha, na najua si yeye peke yake. Wengi mnaokuja huku Ujerumani kusomea uuguzi mnaniuliza maneno ya jinsi hii. Leo ni siku yangu ya mapumziko, chai ya tangawizi iko mezani, ngoja nilieleze neno hili mpaka liishe.

Wengi wetu tunajifunza Kijerumani kwa kupitia Kiingereza. Vitabu, programu za simu, kadi za msamiati: Kijerumani upande huu, Kiingereza upande ule, Kiswahili kinabaki kichwani. Ukitafuta Trägheit, ambayo ndiyo nomino ya träge, utakuta msururu: "laziness", "idleness", "sluggishness", "lethargy", "indolence", "inertia". Ukienda kwenye mambo ya dini utaongezewa "sloth". Mwanafunzi mwenye mtihani mwezi ujao hachukui msururu mzima. Anachukua la kwanza, analiandika kwenye kadi, anasonga mbele. Basi träge inakuwa uvivu, na uvivu ni hukumu. Kwa mtu anayekuja kukaa na wagonjwa, kuchukua hukumu mahali palipotakiwa maelezo ya hali ni jambo kubwa. Ndiyo sababu nalishikilia neno hili.

Faul kwanza, maana hiyo haina matata. Mtu aliye faul ana nguvu, nafasi anayo, kazi anaiona, ila hataki. Neno hilohilo hutumika kwa kitu kilichooza: fauler Apfel ni tufaha bovu, faules Ei ni yai viza. Katika Biblia ya Kijerumani ya Luther, Mithali 6:6, mvivu anayetumwa akajifunze kwa chungu anaitwa "du Fauler", na Biblia ya Kiswahili inasema "Ewe mvivu, mwendee chungu". Hapo lugha mbili zimekutana bila shida. Huku ninakoishi mimi, kusini, kwa Waswabia, kuitwa faul ni tusi zito. Hawa ndio wenye ule msemo "schaffe, schaffe, Häusle baue", yaani piga kazi, piga kazi, ujenge kinyumba chako. Jengo letu lina kibao cha Kehrwoche kinachohama mlango hadi mlango. Wiki kikining'inia mlangoni pako, ngazi na njia ya nje ni zako kufagia. Usipofagia hakuna atakayekufokea, lakini neno lile litatajwa milango ikishafungwa.

Träge ni ukoo mwingine. Ndugu zake ni traag ya Kiholanzi na trög ya Kiswidi, na kote huko kiini chake ni kwenda polepole, kuchelewa kuitikia, kutosogezeka kirahisi. Halisemi kama mhusika anataka au hataki. (Na tahadhari kwa wenye mtihani wa kuandika: träger kwa herufi ndogo ni "träge zaidi", lakini Träger kwa herufi kubwa ni mbebaji, kutoka kitenzi tragen. Herufi moja tu, na maana imehama.)

Mimi nililielewa wodini. Fikiria zamu ya usiku, mgonjwa ameanguka nyumbani akagonga kichwa, amelazwa aangaliwe. Kila muda uliopangwa unamwamsha. Unamuuliza jina lake, yuko wapi, leo siku gani. Unampa vidole vyako avibane kwa mikono yote miwili. Kisha mboni. Unapunguza mwanga wa chumba, unainua kope ya juu taratibu kwa kidole gumba, na tochi ndogo unaileta kutoka pembeni mwa jicho, usimmulike usoni ghafla. Unatazama mboni inavyosinyaa. Unazima, unangoja, unahamia jicho la pili. Kwenye fomu kuna nafasi ya ukubwa wa mboni, umbo lake, kama mbili zinalingana, na mwitikio wake kwa mwanga. Mwitikio una majibu matatu: prompt, träge, keine. Prompt, imesinyaa palepale. Keine, haikusinyaa. Träge, imesinyaa lakini kwa kuchelewa na kwa kusitasita, mpaka unajikuta unarudia kumulika kuhakikisha.

Wauguzi wanaoandika kwa Kiingereza wana "brisk", "sluggish" na "fixed". Hakuna anayeandika "lazy" pale, kwa sababu mboni haina hiari. Na kama saa moja nyuma ilikuwa prompt na sasa upande mmoja umekuwa träge, hiyo ni simu kwa daktari hapo hapo, maana huenda shinikizo ndani ya fuvu linapanda na mshipa wa fahamu unaoiongoza mboni unabanwa. Neno lile dogo ndilo linalomfanya mtu asukumwe kwenda kupigwa picha ya kichwa saa tisa za usiku.

Mchana utalikuta tena kwa sura ya unyonge zaidi: Darmträgheit. Huo ni utumbo unaosukuma polepole, mgonjwa anakaa siku kadhaa bila choo. Wanaotumia dawa kali za maumivu za jamii ya mofini wanalijua sana tatizo hili, na wazee wanaolala kitandani kutwa vilevile. Kiingereza kinarudi kwenye "sluggish". Tiba ni maji, kumtembeza mgonjwa, vyakula vya nyuzinyuzi, na pale inapobidi dawa ya kulainisha choo. Hapa napo hakuna wa kulaumiwa.

Je, mtu mzima anaweza kuitwa träge? Anaweza. Wajerumani husema chakula kizito kinamfanya mtu träge, joto la Julai nalo pia, ile hali ya kushiba pilau mchana ukaona hata kunyoosha mkono kuchukua maji ni kazi. Husema pia "Wohlstand macht träge", neema hufanya watu wawe wazito. Hapo kuna lawama kidogo, sikatai. Lakini ni lawama ya kusema "mmekuwa wazito kubadilika", haifiki kule kwenye yai viza.

Kwenye kumbukumbu za mgonjwa, hata hivyo, usimwandikie mtu träge. Andika verlangsamt kama mwendo na mazungumzo yake vimepungua kasi, au antriebsarm kama msukumo wa kuanza jambo umemtoka. Kuna mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja iko mguuni, nyingine ameishika mkononi, na dakika zinapita. Ukimtazama kwa haraka utasema anakungojea umvalishe. Ukikaa naye utaona mkono unataka kwenda na hauanzi. Mwenye tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri ni hivyohivyo, na mwenye sonona ndiyo kabisa: kuoga kwenyewe kwake ni mlima. Nimewahi kusikia ndugu wa mgonjwa, hapa na nyumbani, wakimwambia mtu wa namna hii kwamba anadeka. Inaniuma kila ninapoisikia. Mtu ameshindwa kuanza, nasi tunamhesabia kwamba amekataa.

Sasa kuna ile maana ambayo kwenye kamusi huja mwishoni mwa msururu, "inertia", ambayo kwa Mjerumani ni neno lilelile, Trägheit. Ukitaka kuielewa usianze na kitabu, sukuma kitanda cha hospitali. Kitanda cha umeme pamoja na mgonjwa kinaweza kupita kilo 200. Unakanyaga pedali ya breki, magurudumu yanaachia, unaegemea, na mwanzoni hakiendi. Unaweka uzito wa mwili wote, miguu imechimba sakafuni, ndipo kinaanza. Kikishaanza, koridoni kinakwenda chenyewe kwa mkono mmoja tu. Halafu unafika kwenye kona ya lifti, na hapo ndipo wageni wanaposhtuka: kitanda hakitaki kukata kona. Kinataka kwenda mbele, ukutani. Mwenzako wa upande wa miguuni lazima awe ameanza kukizuia mapema, hatua kadhaa kabla.

Ugumu wa kuanza na ugumu wa kusimama ni jambo moja, na jina lake ni Trägheit. Uvivu hauwezi kueleza nusu ya pili. Mvivu gani anayekataa kuacha kwenda?

Historia ya neno hili imenipa raha ya pekee kwa sababu imetokea karibu na ninapoishi. Ukipanda treni ya S6 kutoka Stuttgart, mwisho wa reli ni Weil der Stadt, mji mdogo wenye ukuta wa kale, ambako mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alizaliwa mwaka 1571. Sanamu yake iko katikati ya uwanja wa soko, ameketi, imewekwa pale mwaka 1870. Kepler ndiye aliyeliingiza neno la Kilatini inertia katika elimu ya mwendo, kwenye kitabu chake kikubwa cha elimu ya nyota ya Copernicus kilichotoka kwa sehemu kati ya 1618 na 1621. Miaka hiyohiyo mama yake, Katharina, alikuwa na kesi ya uchawi shingoni. Kepler alimtetea mwenyewe, na mama akaachiwa mwaka 1621. Siwezi kuacha kulitaja hilo; mtu anaandika juu ya sayari huku mama yake amefungwa minyororo.

Kwa Kepler, inertia ilikuwa karibu na uvivu kweli. Aliona kwamba maada kwa asili yake hupenda kutulia palipo, na sayari isiposukumwa na nguvu itokayo kwenye jua itasimama. Neno la Kilatini lenyewe linatokana na iners, mtu asiye na ars, asiye na ustadi au ufundi, na kwa hiyo aliyekaa tu. Isaac Newton akalichukua neno hilo mwaka 1687 akaligeuza. Kwake yeye, kitu kilichotulia hudumu kutulia, na kinachokwenda hudumu kwenda mstari mnyoofu kwa kasi ileile, mpaka nguvu ikibadilishe. Kupumzika hakuna cheo zaidi ya kwenda. Tangu hapo inertia ya fizikia na uvivu wa Kilatini zimeachana njia, ingawa zinavaa jina moja.

Waingereza walilibeba neno la Kilatini kama lilivyo. Kwao "inertia" ni neno la darasani, na "laziness" ni neno la nyumbani, hayagusani. Wajerumani walitumia neno lao la kila siku. Mtoto wa Kijerumani anamsikia bibi yake akisema amekuwa träge baada ya chakula cha Jumapili, na Jumatatu anafundishwa Trägheitsgesetz, kanuni ya kwanza ya Newton. Ni neno moja, halijatenganishwa na ukuta. Ndiyo maana ukipitia Kiingereza unalipata limekatwa vipande, na kila kipande kina hisia yake.

Mfano mzuri kuliko yote ni wa mwaka 1905. Albert Einstein, mzaliwa wa Ulm, mji mwingine wa huku huku, alikuwa na miaka 26 na anafanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern. Septemba mwaka huo jarida la Annalen der Physik lilipokea makala yake fupi, kurasa tatu tu, yenye kichwa cha swali: "Ist die Trägheit eines Körpers von seinem Energieinhalt abhängig?" Je, Trägheit ya mwili inategemea nishati iliyomo ndani yake? Jibu lake lilikuwa ndiyo: mwili ukitoa nishati kwa njia ya mnururisho, masi yake inapungua. Kutoka kwenye swali hilo ndipo ulipotoka ule mlinganyo wa nishati na masi ambao dunia nzima inaujua kwa sura. Mfasiri wa Kiingereza aliandika "inertia" na hakuwa na la kuchagua. Lakini msome sasa kwa macho ya mtu aliyeweka "lazy" kwenye kadi yake: uvivu wa mwili unategemea nishati iliyomo? Sentensi ya fizikia inakuwa swali la muuguzi kuhusu mgonjwa mwenye upungufu wa damu.

Hapa mdogo wangu ataniambia, basi dada, tuseme träge ni mzito, Trägheit ni uzito, tumalize. Nami napenda sana wazo hilo, na nitalirudia hapa chini. Ila katika fizikia linagonga mwamba. Wajerumani wana träge Masse na schwere Masse. Ya kwanza ni masi kama kitu kinavyopinga kubadilishwa mwendo wake, ya pili ni masi kama kitu kinavyovutwa na mvutano wa dunia, na schwer ndiyo "zito". Mwanaanga aliye kwenye obiti anaelea, haoni uzito, mizani haisomi kitu. Lakini akisukuma sanduku kubwa la vifaa anahisi linavyomgomea, na likija upande wake linaweza kumbana mkono. Uzito umeondoka kwenye hisia, Trägheit iko palepale. Kwamba masi hizi mbili ziko sawa katika kila kipimo kilichofanywa, Einstein alilifanya kuwa msingi wa nadharia yake ya jumla ya relativiti. Tukiziita zote mbili uzito tumelifuta swali kabla hatujaliuliza. Kwa hiyo darasani waache waseme inersia.

Kuna pahala pengine mwalipita neno hili bila kujua. Kaka yetu ni fundi redio, anatengeneza amplifaya na deki za zamani. Fyuzi ndogo za kioo zinazoingia humo zimeandikwa herufi kwenye kifuniko cha bati: F au T, kisha namba ya ampea. Kwa Kijerumani F ni flink, yenye wepesi, na T ni träge. Fyuzi ya T imetengenezwa kwa makusudi isikatike haraka. Ukiwasha amplifaya yenye transfoma kubwa, kwa muda mfupi mno inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, kisha inatulia. Fyuzi ya F ingekatika kila unapowasha. Ya T inavumilia lile wimbi la mwanzo, na inakatika pale tu umeme mwingi unapoendelea kupita. Waingereza huiita "slow-blow" au "time-lag". Hapo träge imekuwa sifa njema. Ndiyo unayoilipia dukani. Nilipomweleza kaka alichukua fyuzi iliyokuwa mezani akaniambia, "Kumbe miaka yote hii nauza Kijerumani."

Turudi kwa binadamu na moyo wake, maana Wajerumani wana usemi Trägheit des Herzens, na huo ndio ninaouona mgumu kuliko yote kuufikisha kwa Kiingereza. Nilikuwa na mgonjwa, bibi mmoja ambaye macho yalikuwa yamekwisha nguvu, na alipenda asomewe Biblia yake ya Luther. Mimi ni Mwislamu, nimesoma madrasa Ngamiani, lakini kumsomea mgonjwa kitabu chake ni sehemu ya kazi nami nilifanya kwa moyo. Jumatatu ya Pasaka akataka Luka 24, habari ya wale wawili wa njia ya Emau. Aya ya 25 Yesu anawaambia: "O ihr Toren, zu trägen Herzens". Nikasimama hapo hapo. Nikamwandikia mwenzangu wa Bukoba, Mlutheri wa kuzaliwa, nikamwuliza Biblia ya Kiswahili inasemaje. Akajibu mara moja, kwa kichwa: "Enyi msiofahamu, wenye mioyo mizito ya kuamini."

Mioyo mizito! Kiswahili kimeingia moja kwa moja, hakikupitia kwenye uvivu hata kidogo. Biblia ya Kiingereza ya King James ina "slow of heart", nacho si kibaya, ila kasi na uzito si kitu kimoja. Mwenzangu naye hakuishia hapo, akaniletea nyingine. Warumi 12:11, Luther anasema "Seid nicht träge", Kiswahili "kwa bidii, si walegevu". Waebrania 6:12, träge tena, na safari hii Kiswahili kinasema "msiwe wavivu". King James ana "slothful" kwa zote mbili. Neno moja la Kijerumani, na Kiswahili kimelipa sura tatu: mzito, mlegevu, mvivu, kila moja mahali pake. Ukitaka somo la msamiati wa B2, lipo hapo limekamilika.

Ile "sloth" nayo ina habari yake. Katika orodha ya dhambi kuu saba za Kikristo, Wajerumani mara nyingi huiita ya uvivu Trägheit. Chini yake kuna neno la Kigiriki akedia, kutojali, ambalo watawa wa jangwani Misri walilitumia katika karne ya 4. Evagrius, mmoja wao, aliieleza kama pepo wa mchana: mtawa anatazama jua na kuliona limesimama, anachungulia mlangoni kama kuna mtu anakuja, anaichukia nafasi yake, anawaza afadhali angekuwa kwingine. Huyo mtu anahangaika, hata halali. Ila moyo umeacha kujali lile alilolijia. Ndiyo Trägheit des Herzens hiyo, na inampata hata mchapakazi. Nimeiona kwa wenzetu waliochoka baada ya zamu nyingi mfululizo: mikono inakwenda, dawa zinatolewa kwa wakati, kitanda kimetandikwa bila kunyanzi, na mgonjwa analia hakuna anayegeuka. Kumwita huyo "lazy" ni kumkosea, na pia ni kulikosa tatizo lenyewe.

Madrasani tulifundishwa dua ya Mtume, wengi mnaijua, ya kuomba kujikinga na wasiwasi na huzuni, "wal-ajzi wal-kasal", na ajizi na uvivu. Ustadhi wetu alikuwa akituuliza kwa nini vimetajwa viwili. Ajizi, alisema, ni unataka lakini huwezi. Kasal ni unaweza lakini hutaki. Nilikuwa mtoto, nikakariri tu. Leo naona jinsi inavyolingana na yule iners wa Kilatini, asiye na ustadi, asiyeweza. Ajizi ya Kiarabu na inertia ya Kilatini zimeanzia pamoja, kwenye kutoweza. Bahati mbaya Kiswahili chetu cha kila siku kimeisukuma ajizi kwenye lawama. Tunasema "ajizi nyumba ya njaa", na anayeambiwa hivyo anaambiwa amezembea. Kwa hiyo siipendekezi kwa träge, ingawa kwenye dua inanipa mwanga.

Basi, mdogo wangu, kadi yako iwe hivi. Faul, mvivu. Kwa träge usiandike neno moja, andika na kile kinachoelezwa. Mboni iliyo träge inachelewa kusinyaa. Utumbo ulio träge ni mzito. Moyo ni mzito, na hapo shukuru kwamba Kiswahili kilikuwa kimeshakufanyia kazi. Fyuzi ni ya kukawia. Katika kemia utakuta reaktionsträge, kitu kisichoingiliana na vingine kwa urahisi. Mtu aliyeshiba ni goigoi kwa saa moja, ataamka. Na ukikuta Trägheit kwenye maandishi ya kitaalamu yenye magari, mikanda ya usalama au mashine, hiyo ni inersia. Mtihani wa kusoma wa B2 unaweza kukuletea maandishi ya namna hiyo.

Sasa nina swali kwa walimu wa fizikia mnaopita hapa, hasa wa Tanzania. Sekondari mnafundisha kwa Kiingereza, najua, lakini najua pia kwamba darasa likikwama mnageukia Kiswahili. Mkifika kwenye kanuni ya kwanza ya Newton, hapo kwenye kile kinachofanya abiria warushwe mbele daladala inapofunga breki, mnamwambia mwanafunzi neno gani? Kuna walioniambia "ukaidi wa kitu", na limenivutia, maana mkaidi hukataa kuanza na hukataa kuacha. Niandikieni mnayoyatumia na mko shule za mkoa gani, nitayaongeza hapa chini.